Ushirika Ukianza Kudhoofika: Mwongozo kwa Wazee wa Kanisa wa Malindi

Mwaka 1542 Francis Xavier alipita Malindi akiwa njiani kwenda Goa. Katika barua aliyoiandika baada ya kufika huko, anasimulia kwamba mkubwa mmoja wa mji, Mwislamu, alimuuliza kama Wakristo bado wana bidii ya kwenda kanisani kusali. Yeye mwenyewe alikuwa na la kumtatiza: mji ulikuwa na misikiti 17, na iliyokuwa ikisaliwa ni mitatu tu, tena na watu wachache. Naipenda habari hii kwa sababu mzee yule hakusingizia jirani. Aliona safu zimepungua, akauliza kwa nini.

Sisi ushirika ukipungua tunakimbilia majibu mepesi. Ni adui. Ni wachawi wa mtaa. Ni kanisa jipya lililofunguliwa nyuma ya soko na spika mbili kubwa. Yapo mengine ya kweli humo, lakini kwa niliyoyaona katika makanisa ya pwani hii, mwiba mara nyingi uko ndani, na umekaa muda mrefu kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kuutaja. Ushirika wenye afya ni ule ambao mama aliyekaa benchi la nyuma anaweza kuuliza swali, akajibiwa, na Jumapili inayofuata akasalimiwa kama kawaida. Hatua zote zilizo hapa chini zinarudi kwenye jambo hilo.

Nawaandikia hasa makanisa madogo: jengo la mabati, mchungaji mmoja, wazee wanne au watano, na mweka hazina ambaye pia anaimba sauti ya pili kwenye kwaya. Walio chini ya dayosisi au jimbo watakuta mengine wameshafanyiwa. Wayasome tu, kisha waangalie kama kweli yanafanyika.

Hatua ya kwanza: waandike wasioonekana

Wengi wetu tunahesabu waliofika. Idadi hiyo inafurahisha au inahuzunisha, lakini haifundishi kitu. Chukueni daftari, mgawe washirika kwa mitaa: Barani, Kisumu Ndogo, Maweni, Muyeye, Mtangani, na wale wa mbali wa Ganda na Msabaha. Kila mtaa upewe mtu mmoja wa kuangalia. Afadhali awe mama, maana akina mama ndio wanaojua nani amelazwa, nani amehama, na nani amegombana na mumewe. Kwa Jumapili nne mfululizo aandike tu ambao hawakuonekana. Asipige simu na asiulize.

Baada ya Jumapili ya nne, watembeleeni wawili wawili. Msiende na mafungu ya kusoma. Waebrania 10:25, ule mstari wa kutoacha kukusanyika, tumeugeuza fimbo, na mtu aliyepigwa fimbo mlangoni kwake harudi. Semeni, "Tumekukosa siku nyingi, kuna nini?" Halafu nyamazeni. Chai ikija, kunyweni.

Majibu mtakayopata hapa Malindi hayatakuwa mapya. La kwanza ni zamu. Mhudumu wa hoteli, mlinzi, dereva wa tuktuk: kwao Jumapili ni siku ya kazi, na kuanzia Desemba ndiyo siku ya kazi kuliko zote. Mvuvi naye hufuata maji na upepo, wala bahari haijui kwamba leo ni Jumapili. Watu hawa hawajarudi nyuma kiimani. Wawekeeni ibada fupi ya jioni, hata ya watu wanane, na ihesabiwe kuwa ibada kamili. Mzee mmoja awepo na meza ya Bwana iwafikie pia.

La pili ni msiba. Mtu alifiwa kijijini, kanisa likatuma salamu za rambirambi kwa simu, basi. Kwa watu wetu, kutoonekana matangani ni deni lisilosahaulika. Hapo hakuna dawa ila kwenda, hata kama mmechelewa mwaka mzima, na kusema mmechelewa.

La tatu halisemwi waziwazi: aibu. Fikirieni mambo yanavyokwenda siku ya changizo. Mwendesha shughuli ameshika kipaza sauti. "Nani ana elfu tano? Simama tukuone! Elfu mbili? Mpigieni makofi!" Anashuka ngazi kwa ngazi hadi mia mbili, na sauti inazidi kupoa. Mama anayekaanga samaki jioni kando ya barabara ameshika shilingi 50 ndani ya leso, fundo bado halijafunguliwa. Makofi yake hayapo. Jumapili inayofuata hayupo na yeye. Yakobo sura ya 2 inakataza jambo hilihili, kumkweza mwenye pete ya dhahabu na kumwambia maskini asimame pale, nasi tumelifanya sehemu ya ibada. Acheni kutangaza majina ya watoaji na viwango vyao. Uamuzi huo unaweza kuanza Jumapili hii na hauna gharama.

Hatua ya pili: pesa zionekane

Hapa nitakaa, maana ndipo makanisa mengi yanapooza kuanzia ndani. Mara nyingi hata wizi haupo. Kuna giza tu, na ndani ya giza kila mtu hujitungia hesabu yake.

Anzeni na kapu. Ibada ikiisha, limwagwe juu ya meza mbele ya watu watatu wasio wa nyumba moja, na mmoja wao asiwe mzee wala shemasi. Awe mshirika wa kawaida, abadilishwe kila mwezi. Noti zinyooshwe na zipangwe, elfu na elfu, mia na mia. Sarafu ziwekwe mafungu ya kumi kumi. Hesabu iandikwe daftarini kwa tarakimu na kwa maneno, kwa kalamu ya wino, kabla ya mtu yeyote kuchukua hata nauli. Wote watatu watie sahihi. Penye kosa, pigeni mstari mmoja ili kilichokuwapo kisomeke, kisha andikeni upya kando. Daftari lililofutwafutwa kwa rangi nyeupe halina faida.

Kisha pesa zote ziende benki. Zote. Kuna mazoea ya kutoa palepale kapuni: hii ya mafuta ya jenereta, hii ya mpiga kinanda, hii ya mchungaji, kinachobaki ndicho kinaandikwa. Hata kama kila shilingi imetumika vizuri, hakuna atakayeweza kuonyesha. Pelekeni kapu zima, kisha mtoe kwa sahihi za wawili kati ya watatu walioandikishwa benki. Na hao watatu wasiwe mchungaji, mkewe na shemeji yake.

Siku hizi sadaka nyingi haipiti kapuni, inapita kwenye simu. Namba ya M-Pesa iwe ya kanisa, imesajiliwa kwa jina la kanisa. Sadaka ikiingia kwenye simu binafsi ya mtumishi, hata awe mwaminifu kama Samweli, siku akiugua au akigombana nanyi hamna kanisa wala kumbukumbu. Taarifa ya mwezi ya namba hiyo ichapishwe, ibandikwe daftarini.

Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, mweka hazina asimame kwa dakika tano tu: kilichoingia, kilichotoka na kwa kazi gani, kilichobaki. Kisha aulize, "Kuna swali?" na asubiri. Miezi miwili ya mwanzo hakutakuwa na swali, watu watakuwa wakimpima. Mwezi wa tatu ataulizwa. Anayekasirika kwa kuulizwa asipewe kazi hii. Mtume Paulo alipokusanya mchango wa Yerusalemu alituma ndugu wengine pamoja na Tito, akaeleza sababu katika 2 Wakorintho 8: hakutaka lawama katika fedha ile, na alijali yaliyo mema mbele za Mungu na mbele za watu pia. Kama Paulo alihitaji mashahidi, mwenyekiti wa kamati yetu ya ujenzi naye anawahitaji.

Kuna jambo la Malindi lenyewe ambalo bajeti zinazoandikwa Nairobi hazilijui. Pesa ya mji huu ina msimu. Wageni wakiwepo sadaka hupanda. Inapofika Aprili, mvua zinaanza, kusi inavuma, hoteli kadhaa zinafunga hadi Juni au Julai, wafanyakazi wanarudishwa nyumbani, na mashua ndogo hazithubutu kwenda mbali. Kanisa lililopanga matumizi kwa sadaka ya Januari litakuwa na deni la mabati ifikapo Mei, na mchungaji ataanza kuhubiri fungu la kumi kila Jumapili kwa watu waliopoteza kazi. Ndivyo watu wanavyokimbia. Pangeni matumizi ya mwaka kwa kiwango cha mwezi mbovu. Ziada ya msimu mzuri igawanywe: sehemu kwa ujenzi, sehemu akiba ya unga kwa nyumba zitakazokwama miezi ya kusi.

Na bahasha za wanasiasa? Uchaguzi wa 2027 uko njiani na kila kanisa lenye paa nusu litatembelewa. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mchango alioutoa Rais katika parokia ya Soweto, kwa hiyo isisemwe kwamba haiwezekani. Kanuni nyepesi: mheshimiwa akija, aketi, aimbe, asikilize. Akitaka kutoa, atumie kapu kama wengine. Kipaza sauti kibaki kwa mchungaji.

Hatua ya tatu: madaraka yawe na mpaka

Katika 3 Yohana yumo mtu anaitwa Diotrefe, aliyependa kuwa wa kwanza, akawakataa wageni na kuwafukuza waliowapokea. Hakusemwa kwa mafundisho potofu. Kosa lake lilikuwa kiti.

Tafuteni katiba ya kanisa lenu, ile iliyopelekwa kwa Msajili wa Vyama siku ya kuandikishwa. Makanisa mengi hayajui iko wapi, na mahali pengine ndiyo iliyonakiliwa kutoka kwa kanisa jirani bila hata kubadilisha jina ukurasa wa sita. Isomeni pamoja mkitafuta majibu matatu: viongozi wanakaa muda gani, nani anaweza kuwaondoa, na mali ni ya nani kanisa likivunjika. Majibu yakikosekana, itisheni mkutano mkuu, mwandike. Mkumbuke pia taarifa ya kila mwaka kwa Msajili, na kumjulisha mnapobadilisha viongozi.

Mali ni kiwanja hasa. Katika kaunti yetu ya Kilifi watu wengi wanaishi juu ya ardhi wasiyo na hati, na makanisa pia. Kanisa limenunua kiwanja kwa karatasi ya makubaliano iliyoandikwa mbele ya mzee wa mtaa, kwa jina la mchungaji. Mchungaji anafariki, watoto wake wanakuja na mnunuzi. Kabla ya kuchimba msingi, nendeni ofisi ya ardhi muulizie rekodi ya kiwanja chenyewe. Hati iandikwe kwa jina la wadhamini waliosajiliwa. Kama bado hakuna hati, msijenge ghorofa.

Mchungaji naye apewe haki yake: mshahara unaojulikana, hata mdogo, na siku moja ya mapumziko katika wiki. Mtumishi mwenye njaa hujifunza kupenda matajiri.

Hatua ya nne: mafundisho yapimwe

Shakahola iko nyuma yetu tu, bara ya Malindi. Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika msitu ule, na miili iliyotolewa ilipita 400, watoto wakiwemo. Wachunguzi walisema waumini walifundishwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Walikuwa wametoka sehemu nyingi za nchi, wengine wameuza mali zao. Ni wazi kwamba jambo kama lile halianzii msituni. Linaanza mjini, kwa mahubiri, na hatua ndogo ndogo ambazo kila moja ilionekana kama bidii ya imani.

Kwa hiyo mzee wa kanisa awe na masikio. Mafundisho yakianza kuwazuia watoto wasiende shule, wagonjwa wasiende hospitali, au mtu asiongee na ndugu zake wasio wa kanisa hilo, usingoje yakomae. Vivyo hivyo mtu akiambiwa auze shamba alete pesa, au kiongozi akisema aliloonyeshwa yeye halipimwi na Maandiko. Watu wa Beroya katika Matendo 17:11 walisifiwa kwa kuchunguza Maandiko kila siku waone kama aliyosema Paulo ni kweli. Paulo hakuwaita waasi. Anzisheni kipindi cha nusu saa katikati ya wiki ambapo hubiri la Jumapili linaulizwa maswali, mchungaji akiwepo. Anayefundisha vizuri hukifurahia.

Kufunga kwenyewe kuwe na mpaka uliotangazwa: siku ngapi, nani asifunge. Wajawazito, watoto, wanaonyonyesha na wanaotumia dawa za sukari, presha au virusi vya Ukimwi wasifungishwe, na hakuna nabii wa kuwaambia waache dawa.

Jingine ambalo makanisa ya Kilifi hayana budi kulikabili ni uchawi. Wazee wetu wameuawa katika kaunti hii kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba. Mhubiri anayesimama na kusema, "Kuna mama mzee kwenu, ana macho mekundu, ndiye aliyefunga nyota yako," huenda hajui kijana gani anamsikiliza na panga liko wapi. Macho mekundu yale ni ya moshi wa kuni. Andikeni katika kanuni zenu: hakuna kumtaja wala kumwelezea mtu kuwa mchawi, madhabahuni au faraghani. Mgeni wa kuhubiri aambiwe kabla hajapanda. Akikiuka, kipaza sauti kizimwe palepale, na wazee wawili waende siku hiyohiyo nyumbani kwa mzee aliyeelekezewa kidole, waketi naye barazani mahali ambapo mtaa mzima unawaona.

Hatua ya tano: ugomvi ushughulikiwe ungali mdogo

Mathayo 18 tunaijua: nenda kwake wewe na yeye peke yenu, kisha chukua mmoja au wawili, kisha liambie kanisa. Sisi tunaanza na kundi la WhatsApp. Wekeni sharti kwamba malalamiko juu ya mtu hayaandikwi kundini, anayeyaandika aulizwe swali moja tu, "Umeshamwona mwenyewe?"

Ugomvi wa makundi unataka busara zaidi. Malindi tuko mchanganyiko: Wagiriama wenyeji wa hapa, Wataita, na ndugu waliotoka bara kwa kazi na biashara. Lugha ya ibada, kwaya ya nani inaimba kwanza, nani anapewa uzee, yote yanaweza kuwa kuni. Soma tena Matendo 6. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika mgao wa kila siku, watu wakanung'unika. Mitume hawakuwakemea kwa kunung'unika. Walisema chagueni watu saba, na ukiyatazama majina ya waliochaguliwa, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao, yote ni ya Kiyunani. Yaelekea kazi ya kugawa ilikabidhiwa upande uliokuwa ukilalamika. Jaribuni hivyo. Wanaosema sadaka ya maskini inawafikia watu wa kabila moja, wapeni wao waigawe kwa mwaka, kwa daftari lile lile na sahihi zile zile.

Hatua ya sita: watoto na majirani

Mwalimu wa shule ya Jumapili asiwe peke yake na mtoto, na wawe walimu wawili daima, milango wazi. Mtoto akisema ametendewa vibaya, jambo hilo si la kumalizwa na wazee kwa maombi na fidia. Namba 116 ya kusaidia watoto ni ya bure, na vituo vya polisi vina dawati la jinsia. Anayetuhumiwa asimamishwe huduma wakati uchunguzi unaendelea, awe nani.

Kwa majirani, punguzeni spika, hasa kwenye kesha. Kanuni za kelele za NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, zipo tangu 2009, lakini hata zisingekuwapo, jirani wa Shela au Barani anayeamka kula daku ana haki ya usingizi wake.

Mkikataliwa

Mara nyingine mshirika ataleta haya yote kwa heshima, na kiongozi atamwita mwasi mbele ya watu. Usijibizane naye madhabahuni. Andika maswali yako kwenye karatasi, weka tarehe, watie sahihi wenzako wawili au watatu, mpe mwenyekiti na ubaki na nakala. Mpe mwezi mmoja. Kanisa likiwa chini ya askofu au mwangalizi, nakala ya pili iende kwake. Likiwa linajitegemea na suala ni mali au uongozi, peleka kwa Msajili wa Vyama pamoja na katiba. Suala likiwa uhai wa mtu, mtoto anayezuiwa dawa au familia iliyoambiwa ihamie porini, usingoje mwezi wala siku. Nenda kwa chifu na polisi leo, na ukiambiwa hayo ni mambo ya dini, nenda kituo kingine. Na ukiamua kuhama kanisa, aga. Rudisha funguo, sare ya kwaya na daftari ulilokuwa nalo, upewe karatasi ya kuonyesha umevirudisha.